Trei moja ya mayai ni sahani mbili za wali maharage: tuliosoma chuo huku tunauza tukutane hapa

Mleta uzi

Wakuu, habari za usiku.

Jana jioni nilipita Mabibo, nikamkuta kijana ana begi la madaftari mgongoni na ndoo nyeupe mkononi, anauza mayai ya kuchemsha karibu na kituo cha daladala. Nikanunua mawili. Nikamuuliza yuko mwaka wa ngapi. Akasita, akatazama huku na huku kama anayeulizwa kosa, ndipo akajibu kwa sauti ya chini: wa pili. Kusita kule ndiko kumenikalisha chini kuandika, kwa sababu nami nilikuwa nasita vilevile, na ndoo ya namna ileile.

Niliingia chuo kimoja hapa Dar Oktoba 2017, natokea kijijini huko Iramba, Singida. Mkopo mwaka wa kwanza sikupata. Kosa lilikuwa langu: niliomba siku za mwisho, cheti cha kifo cha baba sikuambatanisha, nikadhani nitakipeleka baadaye. Ada mjomba aliuza ng'ombe wawili tukalipa. Ikabaki habari ya kula, na hiyo nyumbani hakuna aliyeipigia hesabu. Kijijini watu wanaamini mtoto akishafika chuo kikuu, serikali inamlisha.

Asiyesoma chuo huenda hajui "pasi ndefu" ni nini. Unaamka, chai unairuka. Mchana unaruka. Inafika saa kumi jioni ndipo unakula ugali maharage, mlo mmoja uliopiga pasi kutoka asubuhi mpaka usiku. Ukifanya hivyo siku mbili unajiona jasiri. Ukifanya wiki tatu, mhadhara wa saa nane mchana unausikia kama mtu anayeongea chumba cha pili. Maandishi ya ubaoni yanacheza. Niliwahi kutoka darasani kwenda bombani kunywa maji mara nne ndani ya saa mbili, mhadhiri akadhani nina dharau.

Na njaa ya chuo haionekani. Sote tunavaa vizuri, mashati ya mitumba yaliyopigwa pasi, simu mkononi. Mwenzako akikuuliza umekula unasema "nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi". Na mwenyewe aliyekuuliza huenda alitaka mwende kula kwa pesa yako.

Nilianza Novemba na shilingi 15,000. Kumi mama alinitumia za madaftari, tano nilikopa kwa mwenzangu wa geto. Trei ya mayai 7,000 kwa mzee mmoja Manzese. Ndoo ya lita kumi yenye mfuniko 3,500. Kisu 1,000. Mkaa, nyanya, vitunguu, pilipili na chumvi 800. Iliyobaki, 2,700, ndiyo niliyokuwa nakula huku nasubiri kuona kama nitauza.

Hesabu ya trei moja ilikuwa hivi, na naikumbuka hata leo bila daftari: mayai 30, mawili hupasuka kwenye sufuria, yanabaki 28. Moja 400, jumla 11,200. Toa 7,000 ya trei na 800 ya mkaa na kachumbari, mkononi 3,400. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe wetu ilikuwa 1,500. Kwa hiyo trei moja ni sahani mbili na nauli ya daladala ya 400. Kuanzia siku hiyo sikuhesabu tena faida kwa shilingi. Nilihesabu sahani. Mtu akiniomba nimpunguzie hadi 300, sikuwa nafikiria shilingi mia, nilikuwa naona wali unapungua kwenye sahani.

Siku ya kwanza niliuza mayai 11 tu. Nilisimama karibu na vimbweta, zile meza za saruji za nje ambako watu wanapiga msuli, yaani wanajisomea, usiku, ndoo nimeificha nyuma ya mguu, nasubiri mtu aje aniulize nina nini. Nani atauliza? Nilirudi geto na mayai 17, tukala sita watu wanne, mengine nikayapasha kesho yake. Siku ya pili CR wetu, kiongozi wa darasa, akanikuta, akafungua mfuniko mwenyewe, akanunua matano palepale na kupaza sauti: "Jamani, mayai ya moto huku, njooni!" Ndoo ikaisha ndani ya dakika arobaini. Yule ndugu hajui alichonifanyia. Hakunipa pesa. Alinivua aibu.

Wiki za majaribio nilikuwa napiga trei tatu kwa usiku mmoja. Hiyo ni 10,200 mfukoni. Wenzangu wenye mkopo wakati ule posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, siku hizi imefika 10,000. Sitaji hili kuwabeza wenye bumu, yaani hiyo posho ya mkopo. Bumu la siku 60 lilikuwa 510,000, na nimeona watu wakilipokea asubuhi, jioni 150,000 imeshakwenda nyumbani kwa ada ya mdogo wake sekondari, 100,000 ya kodi ya geto, deni la dukani, basi. Wiki ya sita yuko kwenye pasi ndefu pamoja na mimi. Watu wanawasema wanafunzi kwamba bumu wanalila kwa starehe na mikeka ya kubeti. Wapo. Lakini niliowajua mimi wengi walikuwa wazazi wa wadogo zao.

Sasa kuna jambo moja ndilo hasa nilitaka kulisema.

Kulikuwa na kijana wa mwaka wangu, kozi tofauti, kila usiku anakuja pale kwenye ndoo. Hanunui. Anasubiri wateja wapungue, anasema, "Ndugu, niwekee kachumbari kidogo na chumvi." Ananyoosha kiganja, namwekea vijiko viwili, anakula akiwa amenipa mgongo. Mara ya kwanza nilidhani anapenda pilipili. Mara ya nne nikaelewa ile ndiyo chakula chake cha usiku. Kachumbari ya kuomba.

Ningempa mayai ya bure angekubali siku mbili, siku ya tatu asingekuja, namjua mtu wa namna ile kwa sababu nami ni wa namna ile. Nikamwambia, "Mimi kukata vitunguu kunaniumiza macho, njoo saa kumi na mbili unisaidie, nitakulipa mayai matatu na 500 kila usiku." Akaja. Ndani ya mwezi alikuwa anauza upande wa hosteli za wasichana na mimi vimbwetani, ndoo mbili, tunagawana. Tulimaliza chuo pamoja 2020. Leo yeye ni mwalimu wa hisabati, na bado anapiga simu kila Idi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mwanafunzi asome, biashara aache", huwa najiuliza kama amewahi kumuona mtu wa shahada ya kwanza akila vitunguu vya kuomba gizani.

Mliopitia njia hii, naomba mweke yenu. Na wadogo zetu wanaoingia Oktoba wasome.

Mdau wa Iringa

Mkuu, hapo kwenye kiganja nimesimama kwanza nikafuta macho.

Mimi ni mwanamke, nilisoma Iringa, nilikuwa nasuka. Saluni za mjini walikuwa wanasuka rasta kwa 20,000, mimi chumbani nasuka kwa 8,000, mteja anakuja na nywele zake. Wa mtindo wa twende kilioni 3,000. Nilijifunza kwa dada yangu kijijini, sikuwahi kudhani ni kazi.

Rasta ndogo kichwa kimoja ni saa sita. Mteja amekaa chini kwenye khanga, kichwa chake katikati ya magoti yangu, mimi nimekaa kitandani. Iringa Juni na Julai baridi inakata, vidole vinakakamaa, unavipasha kwenye kikombe cha chai ndipo unaendelea kugawa mistari. Jumamosi vichwa viwili, Jumapili kimoja. Hiyo 24,000 ndiyo ilikuwa wiki yangu yote, chakula, sabuni, pedi, kila kitu.

Naomba niseme jambo ambalo wanaume humu mnalizunguka. Msichana mwenye njaa chuoni hapewi kachumbari. Anapewa namba ya simu. Ijumaa jioni magari yanaegeshwa nje ya geti, na wanaokuja wanajua wiki ya sita ya bumu ni wiki gani, wanajua kuliko hata sisi. Nilikuwa na mwenzangu wa chumba alianza "kutoka tu kula chipsi kuku". Mwaka wa pili aliacha chuo ana mimba na yule baba wa gari hakupatikana tena kwenye simu. Hakuwa malaya, jamani. Alikuwa na njaa, na hakuwa na cha kuuza kingine.

Baada ya lile nilimfundisha kila msichana wa ile korido aliyetaka kujifunza kusuka. Wengine waliniambia najiharibia soko. Na kweli vichwa vilipungua, nikarudi kwenye viwili kwa wiki. Sijutii hata kidogo.

Mdau wa Dodoma

Nimesoma yote kwa heshima. Lakini uzi huu usiwe wa waliofaulu peke yao, na mimi niseme yangu.

Nilikuwa Dodoma, mwaka wa pili. Mimi na rafiki yangu tuliunganisha mabumu yetu mawili tukafungua kibanda cha wakala wa miamala ya simu nje kidogo ya chuo, mtaji 800,000. Kibanda kinatakiwa kifunguliwe saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, kwa sababu mteja akikuta umefunga mara mbili hatarudi. Tukapeana zamu. Zamu ikigongana na darasa, darasa ndilo linaloahirishwa, maana mtaji ni wa kula na darasa utaazima daftari.

Mwezi wa tatu tulikuwa tunakula vizuri kuliko tulivyowahi kula maishani. Kuku Jumapili. Nikaanza kujiambia hata nikimaliza chuo mshahara wenyewe hautafika hapa.

Siku moja mchana mtu alipiga simu akajifanya ni wa kampuni, akasema laini yetu ina tatizo, bonyeza hivi, bonyeza hivi. Rafiki yangu alikuwa kwenye zamu na alikuwa hajalala, tulikuwa na majaribio kesho yake. 350,000 ikaondoka kwa dakika tatu. Tulijaribu kuifukuzia kwa kufungua muda mrefu zaidi. Mitihani ya mwisho koswek yangu, alama za kazi na majaribio ya muhula, haikufika kwenye masomo mawili, sikuruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani. Nikadisko, nikaondolewa chuo.

Mama yangu nilimficha miezi saba. Kila mwisho wa mwezi namwambia masomo yanaendelea vizuri. Alijua kwa mtoto wa jirani.

Leo nina vibanda viwili, nakula, sina njaa. Lakini ningeweza kurudi ile siku, ningefunga kibanda nikaenda darasani. Wadogo zangu, biashara inayokutaka uwe pale muda wote si biashara ya mwanafunzi, hata kama inalipa. Hiyo ni ya mtu aliyemaliza.

Mleta uzi

Mdau wa Dodoma, shikamoo, na asante kwa kuweka jambo zito namna hii mbele ya watu. Dada wa Iringa, na wewe asante sana. Ningeomba kila mwanafunzi wa kiume asome aya yako ya nne mara mbili.

Kaka, nakuunga mkono kwa asilimia zote. Mimi kilichoniokoa si akili, ni yai lenyewe. Yai la kuchemsha halina mteja saa nne asubuhi. Linatakiwa saa mbili usiku mpaka saa nne, wakati kafteria imefungwa na watu bado wako vimbwetani. Kwa hiyo mchana nilikuwa huru bila kutaka. Kama ningechagua chai na maandazi ya asubuhi, ningekosa kila kipindi cha saa moja. Mwenzetu mmoja wa geto alifanya maandazi: kuamka saa tisa usiku kukanda unga, saa kumi na mbili anauza, saa mbili asubuhi amelala mstari wa mbele mbele ya mhadhiri. Muhula mmoja tu, akaacha na sup nne, mitihani ya kurudia.

Makosa yangu mimi yalikuwa mengine. Kukopesha ndilo lililokaribia kunizika. Ukiwa mwanafunzi unawauzia watu unaokaa nao, unaofanya nao kazi za makundi, utamkataliaje? Kufika Februari 2018 daftari lilikuwa na majina 31 na deni 46,000. Gawa mwenyewe kwa 1,500 uone ni sahani ngapi. Mitihani ikaisha, watu wakatawanyika kwenda makwao, nikabaki na daftari. Nilipata kama 9,000 tu. Muhula uliofuata nilirudi na sharti moja, nikaliandika kwa kalamu nene kwenye mfuniko wa ndoo: DENI YAI MOJA, LIPA KESHO. Yai moja mtu anaweza kulilipa, na akishindwa kulilipa, basi huyo ana njaa kweli na nilishajua la kufanya.

Mwaka wa pili mkopo nikapata, lakini sikuacha ndoo. Bumu la kwanza nilinunua madumu mawili ya mafuta ya alizeti nyumbani, lita ishirini ishirini, nikayapandisha basi hadi Ubungo. Sisi Singida alizeti ndiyo kwetu, na mafuta yale yanayokamuliwa mashine za kijijini watu wa Dar wanayatafuta. Nilikuwa napima kwenye chupa za nusu lita, nawauzia wafanyakazi wa ofisi na wanafunzi wanaopika geto. Mafuta hayaozi wala hayapasuki, na likizo inakukuta bado unayo. Ndiyo maana naona kitu kinachokaa kinafaa kuliko kinachotakiwa kiishe usiku huohuo.

Desemba 2018 vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya 20,000, vya wenye mauzo chini ya milioni nne kwa mwaka, nilichukua changu miezi michache baadaye. Wikendi nilikuwa nauza kituoni na mgambo walikuwa wanatufukuza. Kitambulisho kilitulia shingoni, nikauza kwa amani. Juni 2019 rambo, mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku tukaanza kufunga mayai kwenye magazeti, na mteja akawa anasoma michezo huku anakula.

Halafu Machi 2020. Nilikuwa na trei nne, nimeshachemsha mbili, taarifa ikaja vyuo vyote vinafungwa kwa sababu ya corona. Kufika jioni hosteli watu wanafunga mabegi. Hakuna anayenunua yai, kila mtu anahifadhi nauli. Nikakaa pale kwenye kimbweta, ndoo imejaa, sehemu iliyokuwa haikosi watu hamsini nikiwa peke yangu. Nikaanza kupita kwenye vyumba vya waliokuwa bado wanapanga vitu, wa mikoani, najua safari ya Kigoma au Bukoba ilivyo ndefu. Niligawa yote. Wengine walinipa mia, wengine mbili. Kuna dada alinipa kanga yake ya zamani kwa sababu hakuwa na kitu. Tulirudi Juni 1, na watu wale ndio walionitangazia ndoo tena.

Mdau wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu hiyo biashara inaitwa mayai boilo, na ndugu yake ni smokie pasua, soseji inayopasuliwa na kujazwa kachumbari. Nilisukuma toroli la smokie na mayai miaka miwili nje ya geti la chuo, pesa za HELB, bodi ya mikopo ya kwetu, zikichelewa kidogo mimi ndiye napikia hosteli nzima. Kachumbari yetu ni nyanya, kitunguu, dania na pilipili, halafu chumvi juu.

Ninachotaka kuongeza ni kimoja. Toroli nilikodisha, sikununua. Nilimlipa mwenyewe shilingi mia moja na hamsini za Kenya kwa siku, na siku za mtihani namrudishia. Kama ningenunua ningelazimika kuuza hata nikiwa na mtihani, ndiyo nirudishe pesa yangu. Huyo ndugu wa Dodoma ameniumiza roho sana. Pole, mzee.

Mwaka wa kwanza

Kaka shikamoo. Dada shikamoo. Mimi ni binti, nimechaguliwa chuo huko Morogoro, naingia Oktoba. Mkopo nimeomba, majina bado. Nyumbani tuko saba na baba anafanya vibarua. Nimeweka akiba 30,000 kwa kuvuna mahindi ya watu. Nilipanga kununua mayai kama wewe. Ni sawa? Na je, watu wakinicheka?

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Hongera sana kwa kuchaguliwa, na hongera zaidi kwa hiyo 30,000, najua kuvuna mahindi ya watu kunavyokwangua mikono.

Kwanza mkopo. Usifanye kosa langu. Kagua leo kama vyeti vyako vimekamilika, chako cha kuzaliwa na barua zote zinazotakiwa, na majina yakitoka bila wewe, dirisha la rufaa likifunguliwa usilipitishe hata siku moja. Biashara ni ya kula. Ada hailipiki kwa mayai.

Pili, usinunue mayai kwa sababu mimi niliuza mayai. Bei ya trei siku hizi si 7,000, na kule unakokwenda huenda wapo tayari watatu wenye ndoo. Wiki ya kwanza usiuze kitu. Zunguka usiku kuanzia saa moja mpaka saa nne ukiwa na wenzako, angalia watu wanatoka nje ya geti kwenda kununua nini, na wanarudi wakilalamika nini. Mmoja atasema maji ya moto hakuna. Mwingine vocha. Mwingine pedi saa tano usiku na duka limefungwa. Hapo penye malalamiko ndipo penye sahani yako. Morogoro mna ndizi, mna matunda ya milima ya Uluguru yanayoshuka sokoni asubuhi kwa bei ya chini. Kama unajua kusuka, muombe dada wa Iringa hapo juu akuelekeze, naamini hatakataa.

Hiyo 30,000 igawe siku ileile unayofika. Kumi ifungie ndani ya begi, hiyo ni ya kukurudisha nyumbani ukiumwa, si ya biashara wala ya kula. Kumi na mbili nunulia bidhaa. Nane ya kula mpaka bidhaa zianze kurudi. Na kila jioni kabla hujalala andika kwenye daftari mistari mitatu: nimenunua kwa ngapi, nimeuza kwa ngapi, nimekula kwa ngapi. Ule wa tatu watu wengi hawauandiki, na ndio unaomaliza mtaji.

Usikae na bidhaa chumbani bila kuuliza utaratibu wa hosteli. Vyuo vingine vinakataza kabisa kupika kwa jiko la umeme, na wakikukamata wanachukua jiko na wewe unatoka hosteli. Muulize mlezi wa hosteli mapema, kwa adabu, mwambie hali yako kama ulivyoniambia mimi. Wengine wana roho nzuri kuliko unavyodhani.

Kucheka watacheka, siku mbili tatu. Mimi waliniita "Mayai" miaka mitatu, hadi siku ya mahafali nilisikia mtu anapaza sauti "Mayai!" kutoka nyuma, na mama yangu akageuka kuuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mimi, mama. Alikuwa hajui. Nilimweleza palepale uwanjani, nimevaa joho, kuanzia zile 10,000 zake za madaftari. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama ile ndoo bado ninayo.

Ninayo. Iko jikoni kwangu, tunawekea unga. Maandishi ya kwenye mfuniko yamefifia lakini yanasomeka.

Ukifika Morogoro rudi hapahapa utuandikie usiku wa kwanza umekula nini. Na dada wa Iringa, naomba umjibu huyu mdogo wetu kuhusu nywele.

Mdau wa Iringa

Nimemuona, mkuu. Mdogo wangu, una kitana cha mkia? Kama huna, usinunue, nitakutumia changu kwa basi. Jifunze kwanza kugawa mistari kwa kichwa cha mdogo wako hapo nyumbani, una muda mpaka Oktoba. Anza na mistari ya nyuma, karibu na shingo, hapo ukikosea hapaonekani.